Kurasa Pacha za Kitabu cha Mji

Katika mji wa Siyu alikuwapo Bi Somoe, mshona vitabu, mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. Siku moja tajiri Badi, aliyekitamani kisima cha mji, alimletea kitabu cha hati za wenyeji.

"Ng'oa ukurasa unaosema kisima ni cha wote. Ukikataa, utauhama mji huu."

"Nikatae mimi nani, bwana? Ila karatasi hukunjwa katikati, ikawa kurasa mbili pacha. Mmoja ukitoka, wa pili haushikwi na uzi."

"Toa zote mbili. Usinisomeshe."

Somoe akazitoa. Jioni Badi akarudi na kitabu, anahema. "Mama, hati ya nyumba yangu haimo humu."

"Ilikuwa kwenye ule ukurasa pacha, baba. Nikurudishie?"

"Rudisha, tafadhali."

"Haya. Na kisima nacho kinarudi."

Badi akakaa kitako, akamshikia uzi Somoe akizishona tena kurasa zote mbili.