Sauti Kutoka Banda la Pareto

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu vya nyimbo kidogo, mnisikilize. Huko juu kwenye milima ya baridi, ambako mwezi wa saba sakitu, ule umande ulioganda, hulala juu ya majani kama chumvi, aliishi mzee mmoja jina lake Lutengano Tweve. Kazi yake ilikuwa kupima mvua. Kila asubuhi alisoma chombo chake, akaandika, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Lakini kazi haikuwa moyo wa mtu huyu. Moyo wake ulikuwa kwenye mambo mawili: muziki na nyota.

Nikisema muziki msifikirie kwaya wala dansi. Alipokuwa kijana, daktari mmoja wa misheni alirudi kwao akamwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, darubini yenye miguu mitatu, na sanduku la santuri thelathini na moja. Zilikuwa nyimbo za fidla na vinanda, muziki wa klasiki, usio na neno hata moja. Lutengano hakujua kusoma nota. Hakujua kupiga chombo chochote. Hata majina ya nyimbo yaliyoandikwa kwenye santuri hakuweza kuyatamka, kwa hiyo alizipa majina yake mwenyewe. Moja aliiita Ngazi, nyingine Mvua ya Kwanza. Nyingine ilianza polepole kama imelala, ikapanda, ikapanda, mpaka ikafurika, na mkewe akacheka akasema huu ni wimbo wa mtu aliyesahau sufuria jikoni. Tangu siku hiyo ukaitwa Maziwa Yanachemka.

Kila jioni isiyo na mawingu, saa moja, giza likishaingia, waliketi barazani wawili hao. Yeye alizungusha mkono wa gramafoni, kisha akainama kwenye darubini kutafuta Zohali na pete yake, au Mshtarii na miezi yake minne midogo kama punje za ulezi. Mkewe alijifunika blanketi akasikiliza. Waliishi hivyo miaka arobaini na mitatu. Watu waliwaona wa ajabu, lakini hawakumdhuru mtu. Je, ni dhambi kuipenda kazi ya mikono ya Mungu? Si dhambi hata kidogo. Mimi nasema mzee huyu alimsifu Mungu kuliko baadhi yetu tunaosinzia hapa kila Jumapili.

Kisha mkewe akafa. Wiki ile ya msiba mzee alipiga Maziwa Yanachemka kila jioni, waombolezaji wakishangaa. Wiki ilipokwisha aliiweka santuri ile chini kabisa ya sanduku, na hakuigusa tena. Nyingine aliendelea kuzipiga, peke yake.

Basi ulipita mwaka mmoja na miezi kadhaa. Jioni moja ya mwezi wa saba, hewa imetulia, baridi inauma masikio, mzee alipiga Ngazi. Santuri ikaisha. Akainua sindano, akawasha kiko chake, akavuta mara mbili tatu. Ndipo akasikia Ngazi inapigwa tena.

Haikutoka kwenye gramafoni. Ilitoka ng'ambo ya bonde, upande wa banda la kukaushia pareto, jengo kubwa la mabati lililoachwa zamani sana. Bonde lile ni jembamba. Mtu akipasua kuni huku, shoka linasikika kule. Lakini hii haikuwa fidla, wala haikuwa sauti ya mtu anayeimba vizuri. Ilikuwa kama mtu anayevumisha mdomo umefumbwa, ndani ya pipa. Ilivuta kila sauti ndefu kupita kiasi, ikapumzika, ikaendelea. Mzee alijiambia ni mwangwi. Kisha akajiuliza, mwangwi gani unaosubiri mtu awashe kiko?

Kesho yake alifanya jaribio, kama mpima mvua alivyozoea. Alipiga Mvua ya Kwanza, wimbo wenye kona nyingi, mgumu kuukumbuka. Alipomaliza aliinua sindano, akatega sikio. Nyota zilikuwa zimejaa, lile kundi la nyota liitwalo Nge limejinyoosha juu ya kilima cha ng'ambo, mkia wake umejikunja. Chini yake, kutoka kwenye banda lile tupu, Mvua ya Kwanza ikaanza kurudi. Kona kwa kona. Haikukosea. Ila ilikuwa imechoka kuliko jana.

Mzee hakungoja wimbo uishe. Akabeba gramafoni akaingia ndani, akafunga mlango, akasukuma kiti nyuma yake. Darubini aliiacha nje kwenye sakitu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Asubuhi alikwenda kwa jirani yake, mama Luvanda, mama wa makamo mwenye akili zake timamu. Akamweleza. Mama Luvanda alisema yeye pia alisikia kitu, lakini kwake ilikuwa bundi, tena bundi mgonjwa. Wimbo? Hapana, hakusikia wimbo wowote. Kisha akakumbuka kwamba zamani kijana mmoja aliungua kwenye tanuru la banda lile, na kwamba wazee hawakupenda kupita pale jua likishatua. Alimshika mzee mkono.

"Baba, ukiitwa gizani na usiyemwona, usiitike. Ukiitika umekwenda."

Nanyi mnalijua neno hilo. Wengi wetu tuliambiwa na bibi zetu, na mtu mzima akiwa peke yake njiani usiku bado analikumbuka, hata kama ni mzee wa kanisa.

Jioni ya tatu mzee hakupiga kitu. Alikaa ndani, taa imewashwa, chai inapoa kikombeni. Alijiambia, nisipopiga, hakutakuwa na cha kurudishwa. Saa moja ikapita kimya. Akaanza kupumua. Saa moja na nusu sauti ikaja, nyembamba, inapita chini ya mlango pamoja na baridi. Safari hii haikurudisha chochote, maana hakuna alichopiga. Ilianza yenyewe, polepole, kama imelala.

Ilikuwa Maziwa Yanachemka.

Jiwekeni mahali pake. Wimbo ule hakuna aliyeupiga tangu wiki ya msiba. Santuri yake iko chini ya sanduku, sanduku liko chini ya kitanda. Na sasa unatoka kwenye jengo la wafu, katika lile giza, kidogo kidogo, unapanda. Mzee alilitamka jina la mkewe. Alilitamka kwa sauti ya chini sana ili lisisikike nje. Hakujua anaogopa nini zaidi, kwamba si mkewe au kwamba ni mkewe.

Wimbo ukapanda mpaka pale karibu na kufurika. Hapo ukakatika.

Mzee akangoja. Hakuna kitu. Mnamjua mtu aliyeusikiliza wimbo mmoja miaka arobaini? Hawezi kuuacha hapo. Mwili wake wote ulikuwa unaijua sauti inayofuata, na sauti hiyo haikuja. Na katika kungoja kule, aliniambia aliyenisimulia, mzee alitambua jambo ambalo hofu ilikuwa imemficha siku tatu: yule aliyekuwa akivumisha alikuwa anaishiwa pumzi. Na wafu, alijiuliza, wanaishiwa pumzi?

Aliondoa kiti, akafungua mlango. Alisimama barazani bila koti, na yeye ambaye hakuwahi kuimba mbele ya mtu, hata kanisani alikuwa anafungua mdomo tu, akaimba ile sehemu iliyobaki. La la la, sauti ya kizee, inatetemeka. Akanyamaza.

Ng'ambo, baada ya muda mrefu, sauti ikaitika. Nota tatu tu.

Alichukua fanusi akashuka. Njia ya bondeni aliijua tangu utoto, lakini usiku ule ilikuwa kama ya ugenini. Aliimba kipande, akasimama, akasikiliza, akapewa nota mbili, akaelekea zilikotoka. Alipofika kijitoni chini aliimba, na hakukuwa na jibu. Akaimba tena. Maji tu. Hapo, wapendwa, ndipo alipokaribia kurudi. Aligeuka kabisa, akaiona taa ya nyumbani kwake juu, ndogo, imetulia. Kisha akavuka.

Mlango wa banda ulikuwa wazi nusu. Ndani mlikuwa na vichanja vitupu, safu kwa safu, vinakwenda gizani. Akainua fanusi. Mwisho wa safu, karibu na jiko la mafiga matatu lililopoa, uso mmoja ulikuwa sakafuni unamtazama. Nusu ya uso ule ilikuwa hai. Nusu ya pili ilikuwa imeshuka kama nta. Jicho lilipepesa, midomo ilifumbwa, na kutoka ndani ya midomo ile iliyofumbwa ikatoka sauti ileile, na kuta za mabati zikaikuza mpaka ikamzunguka mzee pande zote.

Alikuwa mwanamke. Mjane mmoja, mama Atuganile, ambaye miaka mitatu kabla alihamia kwenye kona ya banda lile kwa sababu hakuwa na pengine, akalima viazi kwenye mashamba yaliyoachwa. Kiharusi kilimwangusha siku ile ya kwanza mchana. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yote yakamtoka. Alijaribu kuita "nisaidieni", akatoa mlio usio na maana. Lakini madaktari watawaambia kwamba mara nyingine kiharusi huchukua maneno kikaacha nyimbo. Jioni ile, akiwa sakafuni, alisikia Ngazi kama alivyoisikia jioni nyingi, na mdomo wake ukagundua kwamba unaweza kuifuata. Ndicho kitu pekee alichoweza kukitoa. Basi akakitoa. Jioni ya tatu, gramafoni ilipokaa kimya, alitafuta kichwani wimbo ambao mzee asingeweza kuupuuza. Aliukumbuka ule wa wiki ya msiba, alipokuwa akimlilia kutoka mbali mke wa mtu asiyemjua.

Mzee alimfunika gunia la viazi na blanketi alilolikuta pale, akawasha moto, akamnywesha maji ya uvuguvugu tone kwa tone, akatoka nje kupiga kelele mpaka vijana wa mama Luvanda wakaja na machela. Wakambeba hadi hospitali. Akapona, kwa kadiri mtu anavyopona. Kijiji kilimsifu mzee. Mchungaji wao alimtaja madhabahuni. Mzee naye alimtembelea mama yule kila wiki na gramafoni yake mgongoni, na mama alivumisha, na baada ya miezi mitano maneno yakaanza kurudi, moja moja, kama kuku wanaporudi bandani.

Siku moja, wimbo umekwisha, mama Atuganile alimtazama mzee kwa muda. Mzee alidhani anatafuta neno la shukrani, akajiandaa kulikataa kwa unyenyekevu.

"Wengine walisikia bundi," mama alisema polepole. "Wewe ulijua si bundi. Uliogopa nini, baba?"

Mzee alihisi uso wake mwenyewe unachemka kwa aibu. Hakudanganya.

"Nilidhani ni mtu aliyekufa, mama."

"Ilikuwa bado kidogo," akasema.

 Mzee alikwenda nyumbani siku ile bila kupiga santuri ya pili.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tukae. Mtu huyu aliiona miezi ya Mshtarii, na kwa miaka mitatu hakuuona moshi wa jikoni ng'ambo ya bonde. Lakini msiondoke hapa mkisema muziki ulimpotosha na nyota zilimpumbaza. Muziki ndio uliomwokoa mama yule! Kijiji kizima kilikuwa na masikio, na kwa kijiji kizima alikuwa bundi. Ni mtu mmoja tu aliyeweza kusikia kwamba yule bundi ana kona zote za Mvua ya Kwanza. Furaha yake ya miaka arobaini ilikuwa imemfundisha kusikia kilio kimoja ambacho hakuna mwingine angekitambua, na kilipokuja, alikitambua, na kwa sababu alikitambua akakikimbia, akajifungia ndani.

Sisi je? Kila mmoja wetu anapenda kitu, na kitu hicho kimetufundisha jicho au sikio. Wewe mshonaji, ni wewe tu utakayejua kwamba gauni la yule dada limepunguzwa kiunoni mara tatu mwaka huu, na huulizi anaumwa nini. Wewe mwalimu, mwandiko wa mtoto umebadilika tangu alipohamia kwa mjomba wake. Umeuona. Wewe unayeimba sauti ya nne hapo nyuma, unajua kabisa kwamba mwenzako wa kulia anafungua mdomo tu siku hizi, sauti haitoki, na unajua imeanza lini. Umenyamaza. Tunasema hatutaki kuingilia. Tunasema labda ni upepo. Ukweli ni kwamba tumetambua, na kutambua kumetutisha, kwa sababu aliyetambua ndiye anayepaswa kwenda.

Mzee Tweve alikwenda jioni ya tatu, na Mungu katika rehema zake alimwachia yule mama pumzi ya nota tatu. Mimi siwezi kuwaahidi kwamba yule wa kwenu ataachiwa. Kwa hiyo sitawaombea baraka bado. Nitanyamaza dakika moja, na katika dakika hiyo kila mmoja amtaje moyoni yule mtu. Unamjua. Ibada ikiisha, usije kunisalimia mlangoni. Nenda kwake.