Gari la Milango Miwili la Mama Atu

Hapo zamani, wala msiniwazie zamani ya sungura na fisi, maana hii ni ya juzi tu na wenyewe bado wapo hai. Hapo zamani hiyo, huko milimani kwenye chai na viazi, palikuwa na mume na mke. Mume aliitwa Ambakisye, msimamizi wa wachuma chai. Mke aliitwa Sekela, mwalimu wa shule ya msingi ya bondeni. Walikuwa na binti wa miaka saba, Atuganile, ambaye kila mtu alimwita Atu, na mdogo wake wa kiume, Gwakisa, mwaka mmoja na nusu. Katika nyumba ndogo ya uani aliishi baba yake Ambakisye, Mzee Mwakibete, mgane, ambaye goti lake la kushoto halikukunjika tangu alipoanguka kutoka kwenye mparachichi.

Wote walikuwa watu wema. Lishikeni hilo. Hadithi hii ingekuwa na mtu mbaya, nisingewasumbua. Mngemhukumu wenyewe na kwenda kulala.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa milima ile. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hamgusi, hamtaji kwa jina, hamsemeshi ana kwa ana. Sekela alipoletwa pale akiwa bibi harusi, mashangazi wa mumewe walimkalisha chini wakamwambia: "Mwanamke akimgusa mkwewe, yeye hapati kitu. Wanaopata ni watoto wake." Sekela alikuwa amesoma, ana cheti, anafundisha sayansi. Lakini neno ulilowekewa siku ya harusi yako haliondoki kwa cheti. Alilishika, akaishi nalo miaka minane.

Basi waliongeaje, mkwe na mkamwana, katika ua mmoja? Waliongea kwa kinywa cha Atu.

"Atu, mwambie babu chakula tayari."

Babu amesikia, yuko hatua tatu tu. Hajibu. Atu anakwenda hatua tatu. "Babu, mama anasema chakula tayari."

"Mwambie nakuja."

Mama naye amesikia, anangoja. Atu anarudi hatua tatu. "Mama, babu anasema anakuja."

Wageni wa mjini walicheka sana. Atu hakucheka. Ile ilikuwa kazi yake, na aliifanya bila kuongeza neno wala kupunguza.

Tuje kwenye gari. Njia ya kutoka pale kwenda shuleni ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Ambakisye alikuwa na pikipiki yake, lakini mkewe na watoto walitembea. Akaazimia kumnunulia mkewe gari. Miezi hiyohiyo, gari la jirani lilikuwa linakata kona ya kanisani, mtoto aliyekaa nyuma akachezea kitasa, mlango ukafunguka, mtoto akaanguka na kuvunjika bega. Aliyemwokota ni Ambakisye. Alirudi nyumbani shati lina damu ya mtoto wa mwenzake, na usiku ule hakula. Alipokwenda mjini kununua, akarudi na gari fupi, la juu, matairi manene, milango miwili.

Sekela alilizunguka mara moja. "Baba Atu, mlango wa watoto uko wapi?"

"Hawana. Mtoto asiye na mlango hafungui mlango."

"Na mimi nitawaingizaje?"

"Unakunja kiti, wanapita."

"Kiti cha dereva?"

"Hicho hakikunjiki. Unazunguka, unakunja cha upande wa pili." Akacheka. "Utazoea, Mama Atu."

Majirani hawakosi la kusema. Mmoja alisema hilo ni gari la kijana asiye na mke. Mwingine akasema, basi mbona linapanda pale ambapo magari yenu ya milango minne yanasukumwa? Wote wawili walisema kweli. Gari lile halikukwama hata siku moja, na hakuna mtoto aliyeanguka.

Lakini aliyelinunua si aliyeliendesha. Kila asubuhi Sekela anazunguka, anakunja kiti, anamwingiza Gwakisa, anamfunga mkanda, anamwingiza Atu, anarudisha kiti, anazunguka, anapanda. Kila jioni anazunguka, anakunja kiti, anamfungua Gwakisa, anamtoa, anamtoa Atu, anarudisha kiti. Mvua ikinyesha, anayafanya hayohayo mgongo ukilowa. Alimwomba mumewe walibadilishe. Mume akasema, "Mwakani." Aliomba tena. "Mwakani, Mama Atu."

Ikafika siku yenyewe. Mguu wa Mzee Mwakibete ulikuwa umevimba, anatakiwa hospitali. Desturi ni mwanawe ampeleke. Lakini asubuhi ile mvua ilikuwa imebomoa daraja la shambani, Ambakisye akaitwa kazini. Akambeba baba yake kwa makwapa, akamkalisha kiti cha mbele, akakisogeza kiti nyuma mpaka mwisho ili mguu ule unyooke. Hospitalini mzee angepokewa na kushushwa na mpwa wake. Gwakisa akawa nyuma ya babu, kwenye kiti chake cha mikanda. Atu akawa nyuma ya mama.

"Endesha polepole," akasema Ambakisye, akawasha pikipiki.

Wakaenda. "Atu, mwambie babu mbele kuna mashimo." "Babu, mama anasema mbele kuna mashimo." "Mwambie nimeshika." "Mama, babu anasema ameshika." Walikuwa wameupita mteremko wa kwanza, kulia mashamba ya viazi, kushoto korongo.

Gari la mwenye watoto halikosi makombo. Gwakisa aliokota karanga kwenye mshono wa kiti chake, karanga moja. Akaitia mdomoni.

"Mama, Gwakisa hapumui."

Sekela alisimamisha gari. Akageuka, akapitisha mkono katikati ya viti, penye nafasi ya mkono tu. Mkono ukafika kwenye goti la mtoto, haukufika zaidi. "Atu, bonyeza mkanda! Bonyeza kwa nguvu!" Atu alibonyeza kwa vidole vyote. Kilikuwa kile kibonyezo kigumu ambacho hata mkubwa hukibonyeza kwa kukunja uso, na hakikuachia. Sekela akaruka chini, akazunguka, akafungua mlango wa pili.

Pale mlangoni amekaa baba mkwe wake, mguu umenyooka mbele yake. Nyuma ya mgongo wake midomo ya mtoto inabadilika rangi.

Mikono ya Sekela iliinuka, ikafika karibu na koti la mzee, ikasimama.

"Atu! Mwambie babu naomba nimshike, nimtoe!"

Atu alikuwa analia. Alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupeleka neno alilotumwa.

Mzee alisikia. Angewezaje kutosikia? Mkamwana alikuwa mbele ya uso wake. Lakini alingoja neno limfikie kwa njia yake, kama alivyongoja miaka minane. Akashika ukingo wa mlango, akajivuta mwenyewe. Mguu ukakataa. Akajivuta tena.

Sekela akageuka, akakimbilia shamba la viazi akipiga kelele. Wanaume wawili wakatupa majembe, wakaja mbio, wakamnyanyua mzee, wakamweka kwenye nyasi, wakakunja kiti. Sekela akaingia. Gwakisa alikuwa ametulia.

Najua mnachosema mioyoni mwenu. Mnasema, mimi ningemvuta mzee huyo hata kwa ndevu. Mnasema hivyo kwa sababu mmekaa na watoto wenu wamelala salama. Yule mwanamke aliambiwa kwamba kumgusa mkwe ndiko kunakomdhuru mtoto, na mtoto alikuwa tayari anadhurika mbele ya macho yake. Aliogopa kummalizia. Ndicho kilichoisimamisha mikono ile, na mimi nikikifikiria huwa natokwa na machozi, mtanisamehe.

Wakamzika Gwakisa chini ya migomba, nyuma ya nyumba. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaondoka. Gari likabaki uani, hakuna aliyeligusa.

Na Atu akaacha kupeleka maneno. Hakuyapeleka kwa babu, hakuyaleta kwa mama. Chakula alikionja, akakisukuma. Wiki ya kwanza walisema ni majonzi. Wiki ya tatu nguo ya shule ilimpwaya mabegani, na mganga wa zahanati akamwambia Ambakisye waziwazi, "Huyu naye mtampoteza."

Mama alimwambia, "Si wewe, mwanangu." Baba alimwambia, "Si wewe." Mchungaji akaja, akamwambia ni mapenzi ya Mungu, na tangu siku ile Atu hakufumba macho wakati wa kuombea chakula. Shangazi mmoja wa baba yake akamwambia ni desturi, si mtu. Bibi mmoja jirani akamwambia, "Ni gari tu lile, mjukuu wangu." Atu akauliza, "Lilijinunua?"

Siku ya kuanua tanga, ukoo wote ukiwa sebuleni, walimwekea bakuli la uji. Hakuligusa. Baba yake akapiga magoti mbele yake. "Atu, kwa nini huli?"

Mtoto akasema, "Kila mtu ananiambia si mimi. Hakuna anayeniambia ni nani. Kama hakuna mtu, basi ni mimi. Mama alinituma na sikusema."

Hapo ndipo Ambakisye aliposema, "Ni mimi. Mama yako aliniuliza mlango wa watoto uko wapi, nikamcheka. Niliogopa mtoto asianguke nje, nikawafungia ndani. Mama yako aliniomba tulibadilishe, aliniomba tena, nikasema mwakani, mwakani. Mimi sikuwa nalowa mvua. Ni mimi, mwanangu."

Sekela akasema, "Baba yako hakuwepo. Asiyekuwepo asininyang'anye changu. Mikono ilikuwa hii. Ilifika, ikasimama. Niliwakimbilia watu wa viazi nikampa mwanangu mgongo, na wakati ule alikuwa hai. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye niliyeogopa. Ni mimi."

Mzee Mwakibete alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Akaita, "Sekela."

Hakuwahi kulitamka jina hilo.

"Sekela mwanangu, ulisema nikasikia. Sauti yako ilikuwa inanifikia siku zote, kabla mtoto huyu hajainua mguu kuileta. Ningesema 'nishike', ungenishika. Neno moja tu. Na niitoe aibu yangu hapa mbele ya ndugu: sikuwahi kuamini kwamba kumgusa mkwe kunadhuru watoto. Hata ujanani sikuamini. Lakini niliipenda heshima ile. Nilipenda unavyopita mbali nami, nikajiona mtu. Miaka minane ningeweza kukufungua, sikukufungua. Atu, mjukuu wangu, ni mimi."

Sekela akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alimchukia, akamhurumia, vyote pamoja.

Atu aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatikisa kichwa.

"Watatu ni wengi. Mkisema wote, ni kama hamjasema. Mnasema ili nile. Nitajieni mmoja."

"Tukikutajia mmoja utakula?" akauliza baba yake.

"Nitakula."

"Na huyo mmoja je?"

"Simtaki tena," akasema Atu. Alisema bila hasira, kama mtoto anavyosema hataki sukari. "Asinishike, asiniite."

Wakatazamana. Kila mmoja alijua anachokiomba. Ambakisye hana mtoto mwingine wa kumpanda mabegani arudipo kazini. Sekela hana mwingine wa kumsuka nywele, na madaktari walishamwambia asitegemee kuzaa tena. Mzee Mwakibete hana miguu wala kinywa isipokuwa mjukuu huyu, na siku zake zimebaki chache. Na bado Ambakisye akasema, "Mtajieni mimi." Sekela akasema, "Mimi, nawaombeni." Mzee akasema, "Niachieni mimi, jamani, mimi ni wa kuondoka." Waligombea kosa mpaka wakawa wanalia wote, na ndugu wakashindwa kuwaamua.

Hadithi hii nimeisimulia kwingi kabla ya kuja kwenu. Wazee walisema ni Sekela, mama halisi hangoji ruhusa. Wanawake walisema ni mzee, na wengine walisimama kulisema. Vijana, tena wale wanaopenda magari, walisema ni Ambakisye, mwenye watoto ananunuaje milango miwili? Nikaona kila kundi linamchagua asiyefanana nalo, nikaondoka bila jibu.

Sasa ni zamu yenu. Uji uko mbele ya mtoto, na mtoto anasubiri jina moja. Msiniambie gari, msiniambie desturi, msiniambie Mungu. Hayo yote ameshaambiwa. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kumpoteza na mtoto aliyebaki?