Aliyepoteza Mvua

"Tajiri akishindwa hupoteza mtama, maskini hupoteza mvua." Mmenisikia nikiisema, mkacheka, mkaniuliza mvua hupotezwaje. Kaeni basi, na hizo simu zenu za kubetia mziweke chini. Ilianza hivi.

Kule kwetu Usukumani alikuwepo Ngasa, mwenye maghala manne, na jirani yake Lushinge, asiyekuwa na ghala hata moja. Wote wawili walipenda bao, na walichezea mtama, debe kwa debe. Watu walisema ni haki, maana dau lilikuwa sawa. Haki gani hiyo, wajukuu zangu!

Na Lushinge bao alilijua. Mwaka ule alimfunga Ngasa mara sita. Ngasa alicheka tu, akaagiza debe lingine ghalani. Kwa Lushinge kila debe aliloshinda liliishia chunguni, kwa kuwa njaa ilikuwa imeshatangulia kufika. Kisha akafungwa yeye, mara moja tu, na debe la kulipa hakuwa nalo.

Mbegu zama hizo ilitundikwa juu ya jiko, masuke yapigwe moshi yasiliwe na wadudu. Hata mtoto alie njaa, haikuguswa. Lushinge aliingia jikoni mkewe, Sayi, akiwa kisimani, akaitungua, akamlipa Ngasa. Alijiambia ataishinda tena kesho. Hakuishinda, maana hakubaki na dau la kuchezea. Inaniuma hata kuisimulia.

Mvua ya kwanza ikanyesha, watu wakatoka na majembe. Sayi akainua macho juu ya jiko, akaona kamba tupu. Hakugombana na mumewe. Alikwenda moja kwa moja kwa Ngasa kuomba mbegu yake.

Ngasa hakuwa mtu mbaya, aliona haya. "Mama, ile tulishaisaga, tukapikia pombe. Na yangu yote iliingia ardhini kabla ya mvua. Chukua debe ghalani, hata mawili."

Sayi akachota kidogo mkononi, akapuliza. Punje zilikuwa zimetobolewa na fukusi. Zilifaa kuliwa, si kuota.

"Baba," akasema, "wewe umefungwa mara sita, umepoteza mtama. Mume wangu kafungwa mara moja, na mvua ile inanyesha bure shambani kwetu."

Mwaka ule Lushinge na Sayi hawakuvuna kitu, binti yao akapelekwa kulelewa kwa watu, na hakurudi tena kwao. Binti huyo ndiye mama yangu. Kwa hiyo siwaulizi mmeshinda mara ngapi, nawauliza mnachezea nini. Tajiri akishindwa hupoteza mtama. Maskini hupoteza mvua.