Kitanda cha Bi Kuchakuro

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Zamani, zamani za kale, wanyama walipolima wenyewe, alikuwapo Bi Kuchakuro, kindi aishiye shimoni, mama wa watoto watatu. Hatulii huyo mwanamke. Akikaa, anasimama. Akisimama, anafagia. Mkia wake ndio ufagio. Chwaa, chwaa, uani. Chwaa, chwaa, njiani. Akafagia hata shamba lake la mchicha, eti mwanamke hujulikana kwa usafi.

Jani likianguka, analifagia. Jongoo akipita, anamfagia. Nyungunyungu akichungulia, naye huyo jalalani. Kisha anawasha moto. Aliyeweza kukimbia alikimbia.

Akapanda mchicha. Ukaota, ukawa wa manjano, ukafa. Akapanda tena. Ukaota, ukawa wa manjano, ukafa. Udongo ukawa mgumu, ukiugonga unalia ko, ko, ko. Chakula kikaisha. Watoto wakawa wanalamba chungu kikavu. Mbegu ikabaki kiganja kimoja, na mvua za mwisho zilikuwa zinakaribia. Bi Kuchakuro akashikwa na hofu. Alizunguka nyumba mchana kutwa, akijiuliza: hizi nazo zikifa, wanangu watakula nini?

Jirani yake alikuwa Kobe, mvivu anayejulikana. Shamba la Kobe lilikuwa aibu tupu: majani makavu, maganda ya ndizi, mavi ya mbuzi. Lakini mchicha wake, jamani, ulimfunika mwenyewe na gamba lake. Bi Kuchakuro akamwendea mbio.

"Jirani, nipe hiyo dawa unayotia shambani."

"Dawa sina," akasema Kobe. "Nina macho. Keti hapo uangalie chini."

"Niketi mpaka lini?"

"Mpaka mkia wako uache kutikisika."

Mtihani huo. Akaketi, mkia ukatikisika. Akainuka, akaketi. Akajikuna sikio, akahesabu vidole, akaketi. Jua likasogea. Mwishowe mkia ukalala.

Ndipo akasikia: chaku, chaku, chaku. Akafunua jani. Jongoo alikuwa akitafuna jani bovu, huku nyuma akiacha punje za mbolea. Nyungunyungu alikuwa akivuta lake shimoni, polepole, na alipopita palibaki njia ya maji. Vidudu vyeupe, vidogo kama chumvi, vilirukaruka. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unanukia.

"Hao ndio wakulima," Kobe akasema. "Mimi nalala tu, ndiyo maana nimewaona. Kazi yangu kuwaachia chakula. Kwako wanakula nini?"

Bi Kuchakuro akakumbuka jalala lake. Kwake walikula moto.

Akarudi nyumbani mbio kutafuta majani. Akatafuta uani, hakuna. Njiani, hakuna. Yote alikwisha kuyachoma. Yalibaki mahali pamoja tu: shimoni, kitandani pa watoto, majani makavu aliyowatandikia kwa mikono yake. Akawatazama wanawe walivyokonda. Akalia. Kisha akapanda zile mbegu za mwisho, akakivuta kitanda kizima, kwaru, kwaru, mpaka shambani, akakitandaza kati ya mistari.

"Mama, sisi tutalala wapi?"

"Chini, wanangu. Kitanda nimewapa wakulima."

Kanga akapita, akasimama kucheka. "Shoga, leo umekuwa mchafu hivi?"

Mkia ukamuwasha kwelikweli. Akaubeba juu ili usifagie, na mpaka leo kuchakuro hubeba mkia juu.

Mvua ikanyesha. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Bi Kuchakuro alikwenda shambani, akarudi, akaenda, akarudi, miguu ikamuuma. Watoto walitetemeka chini kwenye udongo mtupu. Siku ya saba akaja Jongoo mmoja, anajikongoja. Akaonja jani, chaku. Akaita wenzake.

Mchicha ukaota. Ukawa kijani. Haukufa. Watoto wakala, wakashiba, wakalala palepale matutani, na mama yao, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakaa bila kuambiwa, wala hakuinuka.

Basi nyinyi wadogo, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii, shikeni hili: shamba hulimwa na walio chini yake. Ukiwanyima wao chakula, umejinyima wewe na wanao.

Hadithi yangu imefika mwisho wa tuta, naiacha hapo.