Waume Watatu wa Kisimani

Wapendwa, sogeeni, viti vya mbele haviumi mtu. Neno letu la leo linahusu ulimi, na kabla hatujaliingia nataka niwape mfano.

Kulikuwa na mwandishi mmoja wa gazeti. Huyu hakuandika siasa wala mpira. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwa pikipiki akiuliza asili ya mambo: mlima huu ulipataje jina lake, ukoo ule ulitokea wapi, kwa nini watu wa bonde lile hawali nyama ya kanga. Anasikiliza, anaandika, na kila Jumamosi yanatoka. Watu walimpenda sana. Walimu walikata ukurasa wake wakaubandika ukutani darasani. Watu wakibishana juu ya mambo ya kale, mmoja akisema, "Imeandikwa gazetini," basi, ubishi umekwisha. Na tumtendee haki: alikuwa mtu mwema. Mengi ambayo wazee wangekufa nayo, yeye aliyaokoa.

Siku moja akafika mahali panapoitwa Kisima cha Wajane. Jirani na kisima kuna nyumba, na bibi wa nyumba ile akamweleza jina lilivyokuja.

"Wanaume wa hapa walichukuliwa kwenye vita vya Wazungu, vile vya kwanza, wakabebeshwa mizigo. Hawakurudi. Wake zao wakawa wanakutana hapa asubuhi, wanateka maji, wanaulizana kama kuna aliyesikia lolote. Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Hakuna zaidi."

Mwandishi akaandika vile vile alivyoambiwa. Mhariri wake akampigia simu.

"Kaka, safari hii mbona umetuletea uji wa mgonjwa?"

"Ndivyo nilivyosimuliwa."

"Vita, wajane, maji. Kila wilaya inayo hiyo! Ikoleze, bwana. Ukurasa unafungwa jioni hii."

Akakaa mezani akaikoleza. Akaandika kwamba zamani, katika nyumba iliyo jirani na kisima, aliishi mwanamke mzuri wa sura. Aliolewa mara tatu, na kila mume aliyepokea maji mkononi mwake siku ya harusi hakumaliza mwaka. Hakutaja ukoo. Hakutaja jina la mtu. Akajiambia, hii ni ngano, itamdhuru nani? Sasa nawauliza ninyi: jirani na kisima kile palikuwa na nyumba ngapi?

Moja tu.

Gazeti likatoka, watu wakalifurahia kuliko yote aliyowahi kuandika. Miaka ikapita. Yeye akasahau, maana alikuwa na vilima vingine vya kuandika.

Katika nyumba ile akakua binti, mjukuu wa yule bibi, fundi wa kushona nguo. Akapata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, wakapendana. Mshenga akaja, akapokelewa vizuri, akaondoka na jibu zuri. Halafu kimya. Mshenga aliporudi, alikuja anatazama chini. Baba mkubwa wa kijana amekataa. Anasema wanawake wa nyumba hii huzika waume.

Binti akalia. Shangazi yake hakulia. Alivaa viatu, akaenda mjini, moja kwa moja ofisi ya gazeti.

"Wewe ndiye mwandishi wa mambo ya kale?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja unionyeshe makaburi."

"Makaburi gani, mama?"

"Ya wale waume watatu wa kisimani. Sisi tumezaliwa pale, tunafyeka pale, tunazika pale, hatujawahi kuyaona. Wewe uliyeyaona, nionyeshe, na mimi nikawawekee maua shemeji zangu."

Mwandishi akakumbuka. Uso ukamshuka. "Mama, nisamehe. Hayakuwepo. Ile ilikuwa kukoleza tu."

"Haya, twende ukakoleze mbele ya wakwe."

Akataka kumwambia kwamba atasahihisha katika gazeti la Jumamosi. Shangazi akasema wakwe hawangoji Jumamosi, na akabaki amesimama mlangoni mpaka mwandishi alipochukua kofia yake. Na hapo, wapendwa, tumsifu, kwa sababu alikwenda. Ni wangapi kati yetu tungekwenda?

Wakafika kwa akina kijana. Baba mkubwa alikuwepo, mshenga alikuwepo, na yule mwalimu mwenyewe ameketi pembeni, mikono kati ya magoti. Mwandishi akasimama, akaungama bila kuzunguka. "Mzee, ile habari ya waume watatu ni ya uongo. Niliitunga mimi."

Mnadhani mzee alifurahi? Alikasirika.

"Kijana, usinifundishe mambo ya huku. Hiyo niliambiwa na babu yangu, nikiwa nachunga mbuzi."

"Mzee wangu, haikuwepo wakati huo. Niliitunga mezani kwangu, mimi na kalamu yangu."

"Basi uliitunga, ukakuta ni kweli!"

Mshenga akacheka, akajifanya anakohoa. Mwandishi akarudia tena, akaapa. Mnaona alipofikia? Alipodanganya aliaminiwa na wilaya nzima. Aliposema kweli, hakuaminiwa na chumba kimoja. Uongo wake ulikuwa umekwisha kupata babu na mbuzi wa kuchunga.

Mzee akamuuliza, sasa kwa upole, "Una mtoto wa kiume?"

"Ninaye, mzee. Mmoja."

"Ameoa?"

"Bado."

"Vizuri. Mimi huyu kijana nimemlea, baba yake hayupo. Siwezi kumtosa kwa sababu ya kiapo chako. Lakini nitakuamini kwa jambo jepesi. Sema hapa mbele yetu: kama ingekuwa mwanao ndiye aliyempenda binti huyu, ungempeleka akapose nyumba ile. Sikwambii umpeleke. Sema tu kwamba ungempeleka. Ukisema hivyo, mahari inapelekwa kesho."

Wapendwa, lilikuwa jambo la neno moja. Duniani hapakuwa na mtu aliyejua kuliko yeye kwamba maji ya kisima kile ni maji, na kwamba yule mwanamke hakuwahi kuishi. Alimuumba yeye, sura na mikono. Akafungua kinywa. Na hapo akamwona mwanawe, yule mmoja, anapokea maji siku ya harusi. Maneno aliyoyaandika kwa mkono wake yakamjia kana kwamba ameyasikia kwa mtu mwingine, mtu wa zamani, anayejua.

Akasema, "Mwanangu... mwanangu bado yuko masomoni."

Mwalimu akainua kichwa, akamtazama, akakiinamisha tena. Shangazi akajifunga kanga yake vizuri. "Tumeshajibiwa," akasema. "Hata baba wa uongo anamwogopa mtoto wake." Akatoka.

Posa ikafia pale.

Jumamosi iliyofuata mwandishi alichapisha masahihisho, marefu na mazuri, na ndani yake habari za wale wapagazi na wake zao asubuhi kisimani, kama bibi alivyosema. Hakuna mwalimu aliyeyakata akayabandika. Wengine walisema amehongwa na familia ya binti.

Sasa, ndugu zangu, tusimcheke. Sisi hatuna gazeti, lakini tuna baraza, tuna foleni ya mashine ya kusaga, na siku hizi tuna simu. Huwa tunasema, "Mimi sikutaja jina." Kweli, hukutaja. Ulisema tu "yule mama anayeuza mkaa nyuma ya zahanati", na nyuma ya zahanati anayeuza mkaa ni nani mwingine? Huwa tunasema, "Nilikuwa natania." Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuweka nafasi ya utani, nimetafuta sijaiona, na nilikuwa na sababu ya kuitafuta.

Lakini mfano huu sikuutoa kwa ajili ya uongo peke yake. Yule bwana aliungama. Alikwenda, akasimama, akasema nimekosa. Sisi tungemwita mtu aliyetubu, tungempigia makofi hapa mbele. Kilichomshinda ni kipi? Ni kuweka cha kwake, yule mwana, juu ya kiapo chake. Toba ya maneno tunaiweza sana. Tunasema, "Sina neno naye, nilishamwomba radhi." Lakini mtoto wetu akienda kucheza uani kwake, tunamwita arudi. Akileta chakula msibani, tunakipitisha kwa mwingine. Tulimsingizia wenyewe, tukakiri wenyewe, na bado tunamwogopa. Na watu hawasikilizi tulivyokiri. Wanatazama kama tutakula chakula chake.

Wiki hii basi, kila mmoja wetu amkumbuke mtu wake. Mnamjua, nami namjua wangu, yuko mtaa wa pili kutoka hapa. Tusimpelekee hotuba. Twende na watoto wetu, tukae, akitupa maji tunywe, akipakua tule, na majirani waone. Ukifika mlangoni miguu ikawa mizito, usije ukasema umesahau kitu nyumbani. Mungu atupe uso wa kupiga hodi.