Kamba Iliyo Pembeni mwa Picha

Mama zangu na dada zangu, amani iwe kwenu. Mnajua sijazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo nimeandika, na nitasoma. Mkisikia sauti inatetemeka, msidhani ni woga peke yake. Nina hasira pia.

Aliyenieleza kwanza jambo hili ni Mama Tusekile, huyu aliyekaa karibu na dirisha. Wageni wakija huku milimani kupiga picha maua ya mwituni na ndege, yeye ndiye huwapikia kambini kwao. Alinieleza Jumapili iliyopita, sikukuu yetu ya wanawake, tulipokuwa tunaosha masufuria nyuma ya kanisa. Mimi nimelipanga tu liwe mfano.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja aliyependa ndege. Aliwapenda kweli. Alikuwa anaacha kazi yake mjini, anapanda huku kwetu kwenye baridi, analala ndani ya hema, anaamka nyasi zikiwa bado zimelowa umande, ili amwone ndege asiyejaza hata kiganja cha mkono. Alikuwa na kitabu chenye picha za ndege wote wa nyanda hizi. Akisikia mlio tu, anakwambia huyo ni ndege gani, dume au jike, anakula nini, anajenga wapi. Sisi tuliozaliwa hapa wengi wetu tunasema "kandege" na tumemaliza.

Alikuja na rafiki yake, ambaye yeye alikuwa mtu wa maua. Huyo alilala kifudifudi kwenye matope kutwa nzima mbele ya ua moja, akihesabu petali zake na kulilinganisha na kitabu, mpaka alijue jina. Walitaniana sana njiani. Wa ndege alimwambia wa maua kwamba kazi yake ni ya wavivu, maana ua halikimbii. Wa maua akamjibu kwamba ni kweli, na pia halimtukani mtu kwa mlio.

Siku moja wa ndege alikiona kiota. Kilikuwa ndani ya kichaka, kimefunikwa na majani kila upande, na ndani yake kulikuwa na makinda ambayo hayajaota manyoya, ngozi tupu. Alikuwa amemtafuta ndege yule kwa miaka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Watu wa kazi hii wana desturi yao. Kiota kikiwa kimefichwa na majani, mpiga picha muungwana hakati tawi. Analivuta pembeni taratibu, analifunga kwa kamba, anapiga picha yake upesi, kisha analifungua lirudi mahali pake. Tawi likikatwa halirudi. Likifungwa, linarudi, na mama ndege anakuta nyumba yake kama alivyoiacha. Ni desturi nzuri, na mtu huyu aliifuata. Alitoa kamba ya katani mfukoni, akavuta tawi la juu, akalifunga kwenye kichaka cha jirani. Halafu akarudi nyuma, akajificha, akangoja.

Jua la huku mnalijua. Upepo unakuvalisha koti, lakini saa sita jua linakuchoma shingo mpaka linakubabua. Mama ndege alirudi, akatua ukingoni mwa kiota, akatazama juu. Palipokuwa na majani pana mbingu. Akawatazama watoto wake. Kisha akafanya jambo ambalo mpiga picha yule hakuwahi kuliona maishani mwake. Akasimama juu yao, akatandaza mabawa yote mawili, akayashikilia hivyohivyo, mdomo wazi, mwili mzima ukitetemeka, na kivuli chake kikawafunika.

Mpiga picha akapiga, akapiga tena. Rafiki yake alikuwa amesogea nyuma yake.

"Umeshapata," rafiki akamwambia. "Fungua tawi."

"Bado kidogo."

"Jua linawapiga watoto, bwana."

"Naona. Ndiyo maana ametandaza. Nikifungua, atakunja mabawa."

Mmelisikia neno hilo? Naomba nilirudie, kwa sababu tangu nilisikie sijalala vizuri. Nikifungua, atakunja mabawa. Mtu huyu hakuwa mjinga. Alijua kwa nini ndege ametandaza. Alijua kuliko mimi na ninyi. Mdomo ule ulikuwa wazi kwa joto, haukuwa unaimba, na yeye alilijua hilo kwa kitabu na kwa macho. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu asiyejua unamfundisha. Anayejua utamfanya nini?

Na yule rafiki? Alinyoosha mkono kwenye kamba, mwenzake akamwambia, "Wewe umezoea maua, ndugu yangu. Ua ukiliambia lisubiri, linasubiri. Usiniharibie." Rafiki akaurudisha mkono. Akaona isiwe ugomvi. Akaenda zake kwenye maua.

Alasiri ikaja mvua ya mawe, wote wawili wakakimbilia kambini. Walipokuwa wanakula, rafiki akauliza habari za tawi, akaambiwa watalifungua asubuhi. Asubuhi alitangulia yeye, kabla ya chai. Akakuta kiota kiko wazi, kitupu. Kilikuwa kinaonekana kutoka mbali, na kunguru ana macho. Mama ndege alikuwepo, amekaa juu ya lile tawi lililofungwa, kiwavi mdomoni, na hana wa kumpa.

Rafiki akalifungua tawi. Likarudi mahali pake, likafunika kiota kitupu vizuri sana. Halafu akaenda jikoni kwa Mama Tusekile, akashindwa kunywa chai, akamweleza yote haya.

Mpiga picha alisikitika. Nisimwonee, Mama Tusekile anasema alisikitika kweli. Lakini picha hakuifuta. Aliipeleka mjini. Watu waliipenda, ikachapishwa, na chini yake wakaandika maneno mazuri juu ya upendo wa mama.

Mama zangu, picha hiyo mnaijua. Geukeni. Iko pale ukutani, kwenye kalenda, kushoto kwa saa.

Ndiyo, ni hiyohiyo. Jumapili iliyopita Mwinjilisti aliitungua akainyanyua juu mbele yetu, na kanisa zima tukasema jamani, mama ni mama. Wengine tulifuta machozi. Nilikuwa mmoja wao, mtoto wangu mwenyewe akiwa mgongoni. Sasa mtakapotoka leo, piteni pale mkaitazame chini, upande wa kulia. Mtaona kitu kama unyasi mkavu. Si unyasi. Ni kamba.

Mnafikiri nimesimama hapa kumsema mtu wa mjini? Hayupo. Hanisikii. Nimesimama kutusema sisi.

Jumapili ileile, chini ya picha ileile, tulimwita nani mbele? Tulimwita mwenzetu mjane. Simtaji jina. Nimemwomba ruhusa, akasema sema, jina usitaje, ingawa wote mnamjua. Alishuhudia kwamba kila asubuhi anazunguka kilima kizima kufuata maji, ndoo kichwani, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa amemshika mkono, na bado anamwimbia Mungu. Tulipiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Tulimvika kitenge. Mwinjilisti akasema huyu ndiye yule ndege. Na kweli ndiye.

Ni nani kati yetu aliyeuliza kwa nini anazunguka kilima?

Chemchemi iko chini ya nyumba yake. Mtoto anaweza kurusha jiwe likafika. Njia ipo, babu zetu waliipita. Lakini tangu alipozikwa mume wake, njia ile imewekwa nguzo iliyoikingama, na nguzo imefungwa kwa kamba. Kwa nini? Ili achoke. Achoke, achukue watoto arudi kwao, na shamba la viazi libaki kwa ukoo wa mume. Nani hapa halijui jambo hili? Tunalijua kisimani, tunalijua sokoni, tunalijua hata tukiwa tumepiga magoti. Kisha tunakuja hapa tunasema Mungu anampitisha jangwani. Mungu gani? Jangwa lile limefungwa kwa katani, na fundo lake ni la mkono wa mtu. Tusimsingizie Mungu kamba tuliyoifunga wenyewe.

Tunaupenda ushuhuda wake. Unatupa joto. Tukimfungulia njia, mwakani tutamwita nani mbele? Tutampigia nani vigelegele? Tumesema nini tofauti na mpiga picha? Nikifungua, atakunja mabawa. Na wale wenzangu wanaosema hayo ni mambo ya ukoo wa watu, tusiyaingilie, wao ndio yule wa maua. Walinyoosha mkono, wakaurudisha, wakaenda kutafuta jambo lisilo na ugomvi.

Mtaniuliza kwa nini mjane mwenyewe asiifungue. Nguzo ile iko mbele ya baraza ya baba mkwe wake. Na ninyi mnajua desturi yetu: mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye. Ni heshima. Nimelelewa nayo na sitaitukana. Lakini mtu aliyeiweka nguzo pale alijua anachofanya. Hakuweka mlinzi wala mbwa. Aliiweka mahali ambapo heshima yenyewe italinda.

Na baba mkwe wake ndiye baba mkwe wangu. Mimi na yeye tumeolewa nyumba moja, waume zetu ni ndugu. Kwa hiyo mimi pia sipiti pale.

Jumapili ile jioni nilimwambia mume wangu. Akasema mtoto wa kiume akiifungua itakuwa vita ya mashamba, ndugu watasema anautaka urithi. Nikamwuliza, na mkamwana akiifungua itakuwa nini? Akasema hajui, haijawahi kutokea.

Asubuhi yake, jua likiwa limeshatoka na kila mtu yuko uani, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda. Baba mkwe alikuwa barazani, anaota jua. Mama mkwe alikuwa anafagia. Nilijitanda kanga mpaka usoni, nikamgeuzia baba mgongo, nikaenda kinyumenyume mpaka nikaigusa nguzo kwa kisigino. Nikapiga magoti, nikamwamkia mama, akaitika. Kisha nikalishika fundo.

Nikamsikia baba akimwambia mama mkwe, "Muulize huyo anafanya nini."

Mama akaniuliza.

Nikasema, "Mwambie baba nafungua njia."

Mama akamwambia, ingawa alikuwa amesikia. Ufagio ulikuwa umesimama. Baba akasema, "Muulize ametumwa na nani."

"Mwambie baba sijatumwa."

Kamba ilikuwa imelowa umande, imekaza. Panga lilikuwa pale karibu, ningeweza kukata. Sikutaka. Kamba iliyokatwa, mtu anaweza kusema mwizi alipita. Niliifungua kwa kucha, fundo moja baada ya jingine, mtoto akilia mgongoni. Halafu nikasikia ufagio unaendelea. Nguzo ilipoanguka, nilimshukuru mama, nikaikunja kamba, nikaenda kusimama chini njiani, mahali ambapo barazani hapaonekani.

Mwenzangu alitoka na ndoo yake. Kwa mazoea alielekea kilimani. Kisha akaona. Alisimama akaitazama njia, akanitazama mimi, akakitazama kile kitu kilichokunjwa mkononi mwangu. Naye akajitanda kanga, akamwachia mtoto mkubwa mkono akimbie mbele, akapita.

Hakuimba, wala hakushuhudia. Alikwenda kuchota maji tu.