Pumzi ya Kasa

Nikisema "Mpo?" mniitikie "Tupo!" Haya, mpo?

Palikuwa na mzamiaji, Vuai, aliyemkuta kasa jike amenaswa na wavu kwenye matumbawe, akamkatia nyuzi. Kasa akasema, "Mwanangu, nakuazima pumzi yangu ukatembee huko chini. Mimi nitalala mwambani nikungoje. Maji yakianza kujaa, nirudishie. Bila hiyo nakufa."

Siku ya kwanza Vuai aliwahi. Siku ya pili alichelewa, akamkuta kasa anatetemeka. "Niwie radhi, bibi, kuzuri mno kule!" Siku ya tatu maji yakajaa naye bado yuko chini, anajiambia, "Kidogo tu, kidogo tu." Kidogo gani hicho, jamani? Aliporudi, kasa alikwisha kufa.

Sasa, pumzi ya kasa haikatiki upesi. Vuai alimzika mkewe Mize, akazika wanawe, akazika wajukuu. Hadi leo anazama, na kila kasa anayemwona humshika gamba akimlilia, "Mama, ichukue!"

Nao humjibu, "Ya marehemu hatuichukui. Mrudishie mwenyewe."

Hadithi yangu mimi imekwisha. Ya Vuai bado.